Biri Zako Zimeiva

Nyumbani,
Nyuma ya Karakana ya Biri.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Habari za huko? Mgongo wa shemeji unaendeleaje? Na wapwa zangu wanakula vizuri? Sisi huku wazima. Mama goti linamsumbua baridi ikianza, lakini mdomo mzima kabisa. Juzi kamwambia fundi bomba kwamba bomba lilikuwa na afadhali kabla hajaja. Wifi yako anasema kwenye ile picha umenawiri, anataka siri.

Barua yako nimeisoma tena na tena, hasa pale ulipoandika kwamba binti yako kakuomba umfundishe kushona, ukamwambia aende kwa jirani maana mama yake ana mikono mizito. Uliandika kwa utani. Mimi sikucheka. Soma mpaka mwisho utajua kwa nini.

Wiki iliyopita Mzee Pua, mwonjaji wetu, alipita karakana kutuaga, anastaafu. Kabla hajaondoka nikamletea biri moja kutoka nyuma kabisa ya kabati la mwerezi. Ilikaa humo tangu mwaka ule ulipoondoka. Jani limekolea rangi, lina mng'ao kama limepakwa mafuta kidogo. Akaiwasha. Akafumba macho, akavuta tena. Na unamjua, yule hata usingizini anakosoa.

Wewe biri changa unaijua: pilipili ulimini, moshi unakwaruza koo. Hii, bwana, pilipili yote ilishatulia. Kwanza ikaja kama kahawa iliyokaangwa. Ilipofika katikati ikageuka, ikawa kama ganda la mkate wa moto. Mwishoni ukaja utamu wa asali ambao hujui umetokea wapi. Jivu likashika bila kudondoka, maana ndani hamna fundo wala pengo.

"Mkono wa nani huu?" akauliza. "Na usiniambie ni wako. Wewe unaikaba biri kama umekamata mwizi."

Karakana nzima ikacheka. Nikasema, "Ni wa mdogo wangu, Chiriku."

"Chiriku yule niliyemfelisha?"

"Hukumfelisha wewe, mzee. Nilimfelisha mimi."

Kicheko kikakatika hapohapo. Sasa nakwambia na wewe, kama nilivyowaambia wao.

Kiti cha dirishani cha fundi wa kwanza kilikuwa kimoja, na sisi tulikuwa wawili. Unajua biri huonjwa siku ileile inapoviringishwa, au huachwa mwaka mzima itulie. Katikati hapo tunasema inaumwa: jani linatoa jasho, inanuka kama banda la kuku. Siku ya jaribio lako, aliyebeba sahani kwenda kwa Mzee Pua ni mimi. Biri zako za asubuhi ile nilizificha kwenye boksi. Nikampelekea zile ulizoviringisha mwezi uliotangulia, zikiwa zinaumwa kwelikweli, nikamwambia ni za leo. Akavuta mara moja, akatema. Akasema una mkono mzito. Na mimi nimesimama pale, natikisa kichwa kama mtu mwenye huruma.

Ulipokwenda kulia kule bombani, nilikupa kitambaa changu ufute machozi. Hicho kitambaa kinanichoma kuliko uongo wenyewe.

Sina cha kusingizia. Ulikuwa unanishinda na nilijua.

Zile nilizoficha nilishindwa kuzitupa. Zilikuwa nzuri mno, dada. Kila nilipojaza maji kwenye bakuli la kabati ili majani yasikauke, nilikuwa naziona. Ndizo hizo. Aliyoonja Mzee Pua wiki iliyopita ndiyo biri yako ya jaribio.

Alinitazama mpaka jivu likadondoka lenyewe. "Kumbe miaka yote hii ulinitia pamba puani," akasema. Mkono hakunipa. Akachukua kalamu, akaandika kwenye mfuniko wa boksi lako: *Amefaulu*. Akatia sahihi. Halafu akaomba moja ya kwenda nayo nyumbani, yeye ambaye hata kiberiti haombi!

Ungewaona mafundi wanavyogombea kunusa boksi! Nilikuwa na aibu mpaka masikioni, lakini kila aliyeuliza nilimjibu kwa sauti: "Ni mdogo wangu huyo. Tumbo moja." Sijawahi kujivunia kitu katika kazi hii kama nilivyojivunia siku ile, na wala si kazi yangu.

Mama nilimweleza jioni. Alinirushia ndala, na mvi zangu hizi. Kisha akatoka nje kuwatangazia majirani kwamba binti yake amefaulu.

Kiti cha dirishani nimekiachia. Nakaa meza ya mlangoni, penye vumbi. Sikuiti urudi, una maisha yako huko. Na kunisamehe sikuharakishi, biri yenyewe imechukua muda wake.

Ila mfuniko nimeufunga pamoja na barua hii. Mwonyeshe binti yako ule mwandiko. Halafu mtoe kwa jirani, shika sindano, umfundishe mwenyewe. Mikono yako haijawahi kuwa mizito.

Nisalimie shemeji, na wapwa zangu mmoja mmoja. Mama anakuombea usiku na mchana, wifi yako naye bado anasubiri siri. Mungu akulindie hiyo mikono, na kila utakachokishika kiive vizuri.

Wako akupendaye, na anayejivunia kuwa ndugu yako,

Kaka.