Gitaa la Kaka Melki

Same,
Jumapili, 15 Juni 2025.

Kaka yangu Melkizedeki,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Morogoro, wewe, wifi Jenifer na watoto. Huku tunaendelea vizuri. Mama goti linamsumbua asubuhi tu, likishapata jua anapanda shambani, wala hakubali mtu amchukulie jembe mkononi. Anauliza kama kikohozi cha mtoto kimepona.

Najua utashangaa kuletewa bahasha wakati juzijuzi tu tulizungumza. Nimejaribu mara mbili kukueleza haya kwa simu, na mara zote mbili nikaishia kukuuliza bei ya mchele. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza, wala mimi siwezi kusingizia kwamba mtandao umekatika.

Habari ya kwanza ni kwamba ninapiga gitaa la umeme. Usicheke. Novemba iliyopita nilipanda nyumbani Mamba kumsaidia Mama kusafisha stoo, nikalikuta gitaa lako jekundu lingali msumarini, ndani ya gunia, nyuzi zimeshika kutu. Nilimwomba Mama. Akasema si lake bali ni lako, ila haoni faida ya kuwatunzia panya. Nikashuka nalo Same. Mteja mmoja wa pale kwenye duka la pembejeo ninakouza alinielekeza kwa Mzee Nassoro wa Hedaru, fundi wa redio na amplifaya, mwenye kibanda ng'ambo ya barabara kuu, karibu na malori yanapoegeshwa.

Mzee Nassoro alipiga gitaa miaka kumi na moja katika bendi ya hoteli moja Arusha. Anasema wageni walichoka kuimbiwa nyimbo za kukaribishwa, wakawa wanaomba bluzi, ule muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi, naye akajifunza kwa kaseti, akiirudisha nyuma kwa kalamu ili asimalize betri. Alipolitengeneza gitaa aliniuliza mpigaji ni nani. Nikamjibu kwamba bado hajapatikana. Akaniambia nije kila Jumamosi mchana, nimletee na vitunguu vya kwake nyumbani, basi.

Nilidhani tungeanza na solo, maana ndiyo niliyokuwa nikiisikia kichwani tangu utoto. Miezi mitatu mizima sikuigusa. Alinipa kodi tatu, yaani nyuzi kadhaa kupigwa kwa pamoja, akasema hizi hazilipwi serikalini, na mzunguko wa hatua kumi na mbili ambao ukiisha unaanza upya. Vidole vya kushoto vilizoea upesi. Mkono wa kulia ndio ulionitesa. Ridhimu ya bluzi haiendi sawasawa kama ya kwaya yetu. Inachechemea, pigo refu na pigo fupi, kama mtu anayeteremka mlima na ndoo ya maji kichwani. Mimi nilikuwa nakimbia. Yeye aligonga mapigo mezani kwa bisibisi, na nikikimbia alinyamaza tu mpaka nigundue mwenyewe. Siku moja dereva wa lori aliyekuwa anangoja redio yake aliuliza kama huyu dada hajui wimbo mwingine. Mzee Nassoro akamjibu kwamba hata huo mmoja bado hajaujua.

Machi ndipo aliponipa solo. Sauti ni tano tu, lakini kazi iko kwenye kuuvuta uzi: unausukuma kwa vidole vitatu hadi sauti ipande ifike mahali pake, isizidi wala isipungue. Vidole vilinitoka malengelenge, dukani nikawa napokea noti kwa mkono wa kulia tu. Halafu nilijaza kila nafasi, jinsi ulivyokuwa ukijaza wewe juu ya sauti za akina mama. Akazima amplifaya, akaniambia, "Ernesta, mimi huku kwenye ridhimu nimekusikia tangu tulipoanza. Wewe umenisikia?" Nilikiri kwamba sikumsikia. Tukarudia, na safari hii nilipiga kidogo, nikangoja, nikapiga tena kidogo.

Mwezi uliopita tulipiga kwenye mahafali ya vijana wa ufundi pale Hedaru. Mimi nilishika ridhimu, yeye solo, kisha akaniashiria kwa kidevu nami nikachukua solo mizunguko miwili. Ule wa pili nilikosea katikati, nikaendelea. Mama mmoja aliyefunga kanga mbili aliniambia baadaye kwamba hakuelewa kama kile chombo kilikuwa kinaimba au kinalia, ila yeye amecheza.

Sasa kaka, keti.

Sijakueleza alichosema Mzee Nassoro siku ya kwanza alipolifungua gitaa. Alitoa kile kibati cha mahali pa kuchomeka waya, akachungulia kwa tochi ya simu, akasema, "Huu waya haukukatika, mama. Umekatwa kwa wembe." Akauliza ni nani aliyekuwa na uadui na gitaa hili. Nilimwambia sijui. Nilikuwa najua. Ni mimi.

Ni siku ile ya mashindano ya kwaya, mwaka 2008. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Uliniahidi kwamba nitapiga ridhimu, na nilikuwa nimefanya mazoezi kwenye lile gitaa la mbao hadi Baba, Mungu amrehemu, akawa ananifukuza jikoni. Wiki mbili kabla ya safari ukampa Loth nafasi yangu. Ulisema sharika nyingine zitatucheka kwamba hatuna wanaume. Tulipofika na wenzetu wakaenda kula, mimi nilibaki kulinda vyombo. Nilifungua zile skrubu mbili kwa ncha ya kisu cha kumenyea ndizi, nikakata waya kwa wembe, nikafunga. Haikuchukua hata dakika tano. Nilitaka gitaa lako linyamaze mbele ya watu, basi. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Likanyamaza kweli. Nilikuwa nimesimama mstari wa mbele nikiimba, nikakuona unavyochomoa na kuchomeka waya mpaka wimbo ukaisha. Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Walisema Loth, uliyemkabidhi gitaa njiani, alilifunga juu ya keria ya gari likatikisika njia nzima. Loth akaapa kwamba alilipakata kutoka Mamba hadi tunashuka. Hakuna aliyemwamini. Wewe ndiye uliyemwita mwongo mbele ya wazee, naye alikuwa rafiki yako tangu darasa la kwanza. Walimtoa kwenye kwaya. Wewe ukalitundika gitaa, ukakataa fundi yeyote asilifungue, na mwaka uliofuata ukahamia Morogoro. Mimi nilikuwepo katika yote hayo na nilikaa kimya. Mwanzoni niliogopa fimbo. Baadaye niliogopa sura zenu.

Tangu Novemba sikupata usingizi mzuri. Jumatano iliyopita niliomba ruhusa kazini nikapanda Ugweno. Loth anaishi Ngujini, alioa huko, ana migomba na ng'ombe wawili wa maziwa. Nilimkuta anakata majani. Nilimweleza yote tukiwa tumesimama. Hakunikatiza. Alimaliza kuwawekea ng'ombe, akanawa mikono, akasema, "Mimi nilishaanza kuamini kwamba ni mimi." Akanieleza kwamba kwa miaka hii yote amekuwa akiirudia safari ile kichwani, kona kwa kona, akitafuta ni wapi alilegeza mikono, na kwamba kuna mwaka fulani akaamua kwamba lazima alisinzia. Kaka, nilidhani nimekwenda kumweleza jambo analolijua, kwamba hana hatia. Kumbe hilo nalo nilikuwa nimemnyang'anya.

Nilimwomba msamaha. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mkewe alituletea chai, tukanywa, kisha Loth akanisindikiza hadi kwenye bodaboda. Nilimwomba namba yake ya simu nikuletee. Alifikiri kidogo, akaiandika kwa mkono wake mwenyewe kwenye kile kipande cha karatasi nilichokibana hapa. Alisema ukipiga atapokea. Hakusema atakwambia nini.

Mama bado hajui. Jumamosi ijayo sitakwenda Hedaru, nitapanda Mamba nikamwambie mwenyewe, kwa hiyo nakuomba usimtangulizie.

Gitaa ni lako. Ukilitaka nitalifunga vizuri nilipakize kwenye basi la Morogoro, na ukisema nisiliguse tena, sitaligusa. Siombi unijibu haraka. Najua utakuwa na mengi ya kuniambia, na nitayasikiliza yote. Lakini mpigie Loth kwanza, kaka, kabla hujanipigia mimi.

Msalimie sana wifi, na watoto uwabusu kwa ajili yangu. Mungu akulinde kazini na njiani.

Ni mimi mdogo wako,
Ernesta.