Nilichoapa Kuhusu Meli ya Ishmael

Seven Hills,
Sydney, Australia.
14 Oktoba 2018.

Mpendwa Shangazi Nyevu,

Shikamoo, Shangazi. Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba lile goti limepunguza maudhi tangu kipupwe kilipokwisha. Kina mama wa kwaya hapo Rabai hawajambo? Nasikia mmeshonesha sare mpya na wewe ndiwe uliyechagua rangi. Nilipoambiwa nilicheka peke yangu, maana najua hakuna aliyethubutu kukubishia.

Sisi huku tu wazima, Mungu anatuweka. Kawira bado yuko na kazi yake ya unesi katika wodi ya wazee. Mtoto wetu Shirleen ameanza shule. Ukimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno, ila akifungua kinywa kinatoka Kizungu kitupu. Mimi bado niko ghalani Smithfield, naendesha foklifti. Mkono ule ulioungua umepona, ingawa siku za baridi vidole viwili hugoma kukunjika.

Shangazi, nimekupigia simu mara nyingi na hushiki. Mwanao Ishmael ameniambia, kwa upole wake ule, kwamba jina langu likitajwa unainuka unakwenda jikoni. Ameniambia pia kwamba mtaani wanasema Kalume wa Australia ndiye aliyeipoteza meli, na kwamba tangu yeye mwenyewe arudi kutoka kizuizini hakuna aliyetaka kumwajiri. Sikulaumu. Lakini hayo umeyasikia kwa watu, na mimi ndiye niliyekuwa kwenye chumba nilichoapishiwa. Nakuomba uvae miwani yako unisome mpaka mwisho, hata kama utakunja uso.

Naanza na siku yenyewe. Mimi nilikuwa mpakaji mafuta wa injini ndani ya meli ile, Samirah, Ishmael akiwa serahangi, mkuu wa mabaharia wa sitaha. Tulipakia mchele na unga, na karatasi zetu zilisema mchele na unga. Njiani kapteni akageuza meli tukatia nanga kwenye kisiwa ambacho hakikuwamo katika safari yetu. Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Mashua mbili zikaja ubavuni na masanduku marefu yaliyopigwa misumari. Tukaitwa sote tusaidie, hata sisi wa injini. Nami niliyabeba, Shangazi.

Hapo ndipo nilipomwona Ishmael akimwendea kapteni. Alisema mbele ya watu wote, "Kapteni, haya hayamo kwenye karatasi. Huko tunakokwenda kuna vita. Tukikamatwa nayo, vijana hawa utawaambia nini?" Kapteni akamwambia akitaka kushuka ashuke, bahari hiyo hapo. Ishmael hakuyagusa masanduku. Alisimama tu na mikono nyuma mpaka kazi ikaisha.

Mengine unayajua. Manowari ya nchi iliyokuwa vitani ilitusimamisha, ikatuambia tunampelekea adui vifaa, tukapelekwa bandarini kwao. Wakati wa purukushani ile bomba la mvuke lilipasuka likaniunguza mkono. Daktari wa bandari akasema nisipotibiwa vizuri utakatwa, basi mimi nikaachiwa, nikarudi nyumbani, na baadaye nikamfuata Kawira huku. Ishmael na wenzake wakabaki ndani ya meli iliyotiwa nanga, walinzi juu yao, wakingoja mahakama.

Mahakama ya namna ile si kama ya Kaloleni, watu wanapokaa kwenye mabenchi wakisikilizana. Mimi mwenyewe sikuijua mpaka wakili wa chama cha mabaharia aliponitafuta na kunieleza. Meli ikikamatwa vitani, majaji hawaanzi na tajiri mwenye meli. Wanaanza na waliokuwamo siku ile. Kila mtu anaapishwa na kuulizwa peke yake, maswali yaleyale kwa wote, na haonyeshwi mapema. Huruhusiwi kuzungumza na mwenzako, wala huketi na wakili wa kukunong'oneza. Majibu yanaandikwa, yanafungwa kwa lakiri, ule muhuri wa nta, yanapelekwa kwa majaji.

Shida ilikuwa hii. Wakala wa tajiri alikuwa ameshapata njia ya kuwafikia wale vijana kabla hawajaapishwa. Akawafundisha la kusema, na kapteni akawatisha. Wote wakajibu kwamba meli haikusimama popote, kwamba walibeba mchele na unga tu. Wote kwa maneno yaleyale, kama wanafunzi wanaokariri. Na masanduku majaji walikuwa wameshayaona! Wakasema hawamwamini hata mmoja wao, wakaamuru utafutwe ushahidi wa nyongeza. Kwenye orodha ya mabaharia kulikuwa na jina moja ambalo halikuwa limeulizwa, nalo ni langu.

Jumapili ile uliponipigia, nilikuwa nimeshapokea wito. Nakumbuka ulivyolia. Ulisema, "Kalume mwanangu, wewe sema hukuona kitu. Mchele na unga, basi. Nirudishie mtoto wangu." Nami nikakujibu, "Nimekusikia, Shangazi." Sikukuahidi, lakini najua wewe ulisikia ahadi.

Wakala naye alinipigia, sauti laini kama ya mchungaji, akanipa maneno yaleyale aliyowapa wenzangu. Nikajua kwamba nikiyasema nitakuwa mmoja tu zaidi wa wasioaminiwa.

Lakini nisikudanganye kwamba nilikuwa jasiri. Mimi na Kawira tuliketi jikoni tukatazamana. Alikuwa na woga wake, na ulikuwa wa haki. Nilikuwa bado sijapewa ruhusa ya kukaa huku moja kwa moja. "Ukiapa kwamba uliyabeba yale masanduku," akasema, "immigration watakuita mpitisha silaha. Mimi na Shirleen tutakusindikiza uwanja wa ndege?"

Nikamwambia, "Nisipoapa hivyo, Ishmael hatatoka."

Akainuka akanipigia pasi shati. Ndiyo ilikuwa ruhusa yake.

Siku yenyewe nilipanda treni mpaka mjini. Nilitarajia jengo la fahari, kumbe ni ofisi ya kawaida, meza, mashine ya kahawa na zulia la kijivu. Aliyeteuliwa kuniapisha alikuwa mama mmoja wa Kizungu, mwanasheria mstaafu, mpole lakini hapindishiki. Mkalimani alikuwa Dévote, Mrundi aliyekulia kambini kule Kigoma. Naye aliapishwa, kabla yangu, kwamba atatafsiri kwa uaminifu bila kuongeza wala kupunguza. Kisha nikashika Biblia.

Wakili wa mabaharia alibaki nje. Mlangoni aliniambia jambo moja tu, "Sitaki kujua utakachosema. Kama hujui kitu, sema hujui."

Yule mama akaikata mbele yangu lakiri ya bahasha ya maswali, akaanza. Jina langu, nilizaliwa wapi, nani alinipa kazi melini, meli ilitoka bandari gani, bendera gani. Halafu, ilisimama wapi. Nikataja kisiwa. Hakushtuka, aliandika tu. Akauliza tulifanya nini pale. Nikajibu kwamba tulipakia masanduku.

Dévote akasita. Akamwomba yule mama ruhusa aniulize tena, akanigeukia. "Kaka, umesema mulipakia ao mulipakua? Muliingiza melini, ao mulitoa?"

Neno lilikuwa limenitoka nusu. Shangazi, angalia irabu moja tu! Angeandika kwamba tulipakua, ingekuwa tumemshushia mtu mzigo pale kisiwani, na ushahidi wangu wote ungepinda. Nikarudia pole pole, "Tulipakia. Yalitoka kwenye mashua, yakaingia melini. Mimi mwenyewe nilibeba." Akatafsiri. Ikaandikwa hivyo.

Yule mama akauliza ndani ya masanduku kulikuwa na nini. Hapo nilikuwa na la kusema, maana kila mtu melini alikuwa na lake. Lakini sikuyafungua wala sikuona yakifunguliwa. Nikasema sijui. Akauliza kwa namna nyingine. Nikasema, "Mama, yalikuwa mazito. Zaidi ya hapo sijui." Akatikisa kichwa, akaandika.

Maswali yakaendelea mpaka nikadhani nitazeeka mle. Hakuna hata moja lililomtaja Ishmael. Nikaanza kuogopa kwamba nimekuja kuiangamiza meli na ndugu yangu akiwa ndani yake. Ndipo likaja la mwisho, kama kuna jambo jingine lolote ninalolijua kuhusu meli ile ambalo sikuulizwa.

Nikasema, "Lipo." Nikamweleza jinsi Ishmael alivyomwendea kapteni. Nilisema alisimama karibu na ngazi. Nikarudia maneno yake, na jibu la kapteni, na ile mikono nyuma. Dévote alipofika kwenye yale ya vijana hawa utawaambia nini, aliomba maji.

Kisha nikasomewa kila jibu, nikatia sahihi kila ukurasa, bahasha ikafungwa. Yule mama akanionya kwamba mpaka hukumu itoke nisizungumze na mtu yeyote kuhusu niliyoyasema, akataja na jamaa. Hiyo ndiyo sababu ulipokuwa ukiniuliza kwenye simu nilikuwa nikikuuliza habari za mvua. Ulidhani nina jeuri. Nilikuwa nimefungwa mdomo kwa kiapo, Shangazi, na miezi ile ilinikondesha kuliko kazi.

Ishmael labda hakukusimulia yaliyofuata, kwa sababu ni mtu asiyejisifu. Majaji waliposoma yangu, walimwita tena peke yake, mbali na kapteni. Walimuuliza kama aliwahi kupinga amri yoyote. Akaona kwamba siri imetoka, akasema yote. Yeye alisema alisimama karibu na winchi, si ngazi. Alisema kapteni alimtukana, jambo ambalo mimi sikulisikia. Wakili ananiambia kwamba tofauti zile ndogo ndizo zilizowafanya majaji waamini. Walisema hawa ni watu wawili walioliona jambo moja, kila mmoja kwa macho yake, na si kwa kinywa cha wakala.

Meli ikahukumiwa kuwa mali ya walioikamata, pamoja na masanduku. Ndani, kama ilivyothibitishwa huko, kulikuwa na bunduki. Kapteni akabaki kushtakiwa. Ishmael na vijana wote wakaachiwa waende makwao, kwa kuwa ilithibitika kwamba hawakujua walichopakia na kwamba mkubwa wao wa sitaha alikataa. Nami niliitwa na watu wa uhamiaji, nikaulizwa siku nzima. Walikuwa na nakala ya kiapo changu, na mwishowe waliniacha. Ruhusa yangu ilitoka mwezi wa nane.

Kwa hiyo ni kweli wanavyosema mtaani, meli imepotea kwa mdomo wangu. Kazi ya Ishmael imepotea nayo, na hilo linaniuma, wala sina asali ya kulipaka. Lakini uliniomba niseme sikuona kitu. Kama nisingeona kitu, Shangazi, nisingekuwa nimemwona hata Ishmael akisimama mbele ya kapteni. Singeweza kuapa nusu.

Nina jambo jingine. Nimepata likizo ya Desemba, na tiketi zimeshakatwa, mimi, Kawira na Shirleen. Tutafika wiki ya Krismasi. Kawira hajawahi kukuona, na ana hofu na wewe kuliko alivyokuwa na hofu na immigration. Tutafikia kwa Kache, dada yangu, tusikulazimishe. Lakini siku ya Krismasi, ibada ikiisha, nitakuja kwako nipige hodi. Usiponiitikia nitaketi barazani na mtoto mpaka mtakapomaliza kula, kisha tutaondoka kwa heshima. Ukiniitikia, nitaingia.

Nisalimie Ishmael, umwambie vidole vyangu viwili vinamsalimu pia, ataelewa. Msalimie Kache na wanawe, na mzee Gitau jirani yako, na kina mama wote wa kwaya. Dévote, ambaye sasa amekuwa rafiki wa nyumba hii, ameniambia nikufikishie salamu zake, kwamba angependa kumjua mama aliyemzaa mtu yule.

Mungu akulinde, akupe usingizi mzuri na goti lisilouma, na autulize moyo wako kwa wakati Wake.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata unaponinyamazia,

Kalume