Nati ya Breki ya Nyuma

Jumatatu, 4 Agosti
Nimepeleka mwalimu mmoja Nangara, mgonjwa hospitali, nikarudi kijiweni kwetu cha bodaboda. Sulle, mwenzetu wa kijiweni, kanyanyua tairi la mbele la pikipiki tena, mbele ya meza ya chai ya Neema. Kaenda na la nyuma peke yake mpaka kwa fundi cherehani. Neema alikuwa ananimiminia chai. Ikajaa, ikamwagika mezani, yeye macho kwa Sulle. Nimekunywa iliyobaki. Namchukia Sulle. Meno yake nayo yamenyooka.

Jumatano, 6 Agosti
Wote wanatazama mkono wa Sulle unaovuta mafuta. Mimi natazama mguu wa kulia. Siri iko pale. Pikipiki ikitaka kumpindua anagusa breki ya nyuma, pua inashuka. Hakuna aliyenifundisha.
Jioni nimekwenda uwanjani Bonga. Nimefunga nusu gunia la mahindi nyuma ili mbele kuwe kwepesi, kama inavyokuwa tukipandisha mizigo Sigino. Nimeanguka. Gunia limepasuka. Kuku wa Mama Elia, jirani wa uwanja, wameyafikia mahindi kabla yangu.
"Pole, mwanangu," kasema Mama Elia. "Kesho ulete tena."

Ijumaa, 8 Agosti
Nimenyanyua! Muda wa kusema "Bwana asifiwe", basi. Shahidi mbuzi mmoja.
Nimekwenda kumwambia Neema. Kaniwahi. Kaka yake anaoa Jumamosi ya wiki ijayo. Sulle ataongoza msafara, Neema atapanda nyuma yake. Mimi nibebe sufuria la pilau.
"Wewe unaendesha taratibu," kasema. Alikuwa ananisifu.

Jumanne, 12 Agosti
Nimeona kitu. Nati ya breki ya nyuma ya Sulle imelegea, iko mwishoni kabisa mwa rodi inayovuta breki. Ikitoka, atakanyaga hewa. Akinyanyua tairi, pikipiki itampindua chali.
Nimekunywa chai. Sijasema.

Alhamisi, 14 Agosti
Bado ipo. Imeshikilia meno mawili ya rodi. Najiambia mwingine ataona. Uongo. Miguu naitazama mimi tu.
Sulle kapita: "Oya, mzee wa taratibu! Pilau lisipoe!"
Kijiwe kizima kimecheka. Na mimi nimecheka. Nimeitazama nati tena.

Jumamosi, 16 Agosti
Pikipiki kumi na moja, zote na riboni. Sufuria nimelifunga kwa mpira, mara tatu. Sulle wa kwanza kwenye mstari. Neema kapanda upande, kitenge kipya, mkono kiunoni kwa Sulle. Nikaona uzito umekwenda nyuma, kama gunia langu. Sulle akavuta mafuta bila kuondoka, watu wakapiga vigelegele.
Nimeshuka. Nimemfuata.
"Sulle. Nati yako ya nyuma."
Kainama. Kaigusa kwa kidole, ikadondokea kiganjani. Kanitazama.
"Umeiona lini?"
"Sasa hivi."
Nimempa spana yangu na nati ya akiba. Kakaza mwenyewe. Neema akashuka, akasimama pembeni mpaka alipomaliza. Kisha akapanda tena. Nyuma ya Sulle, si yangu.
Njia panda Sulle kanyanyua tairi, Neema kang'ang'ania, anapiga kelele za furaha. Mguu wa kulia ukagusa. Pua ikashuka taratibu kama kuku anayelalia mayai. Breki yangu.
Pilau limefika lote.

Jumapili, 17 Agosti
Baada ya ibada Sulle kawasimulia watu nje ya kanisa jinsi nilivyowaokoa. Kila akifika kwenye "sasa hivi", natazama viatu vyangu. Anasimulia vizuri, hata hilo. Wivu haujaisha. Nilidhani ungeisha.
Neema kanimiminia chai, kaishia ukingoni. Kaniuliza nilionaje nati wakati wengine hawakuona. Nimesema nina mazoea ya kutazama chini.
Jioni Bonga, bila gunia. Tairi limepanda, limekaa, nimegusa breki, limeshuka. Kuku wa Mama Elia wamekuja mbio. Wamezunguka pikipiki, hawakukuta kitu, wakarudi nyumbani.
Na mimi nimerudi.