Niombee Sasa Hivi

Marlys uko wapi? Niko kwenye gari nje ya supamaketi.

Nimekutana na Opal wa kwaya yetu. Kaniambia saratani yake imerudi. Nikamjibu kama ninavyowajibu wote: "Pole dada, nitakuombea."

Akanishika mkono. "Niombee sasa hivi."

SASA HIVI Marlys! Mbele ya friji za aiskrimu, watu wanapita na matoroli!

Nikafumba macho. Hakuna neno lililotoka. Mimi, kiongozi wa maombi!

Ikabidi aombe yeye. "Bwana, mtulize huyu, ameogopa."

Mgonjwa ni yeye Marlys!!

Sasa namwona kule kwenye maegesho, toroli lake limekwama kwenye theluji.

Maneno bado sina. Nashuka garini hivyo hivyo.