Mguu Aliokanda Mama

Kaka yangu Ambakisye,

Shikamoo. Naamini hapo Tukuyu hamjambo, na wifi anaendelea vizuri na ujauzito wake. Usishangae kupokea barua zama hizi. Simu yako mama huidaka kabla yako na kuiweka sauti kubwa, na haya sitaki ayasikie. Isome ukiwa shambani, peke yako.

Mimi si mzima, kaka. Nimelazwa hapa Mtwara mjini. Kutoka kitandani hadi chooni nahema kana kwamba nimekimbia.

Unakumbuka mama alikuja Msimbati nilipojifungua kwa upasuaji. Mguu wa kushoto ukavimba, huo mmoja tu, ukawa wa moto. Mama akaubonyeza, akasema, "Damu imelala hapa, mwanangu. Acha niiamshe." Kila asubuhi akanikanda kwa maji ya moto na mafuta ya nazi, kutoka kifundoni hadi pajani, kwa nguvu, huku akiimba nyimbo za kwaya yake. Nilisikia raha, kaka, siwezi kukuficha. Akaondoka ameridhika. Kesho yake nikiwa nafua nepi, kifua kikanibana, nikaanguka.

Daktari alipojua nafundisha fizikia, alinieleza bila kunificha. Damu ya mguuni hupanda polepole, ikisukumwa na misuli tunapotembea. Mtu akilala sana baada ya upasuaji, mwendo wa damu unapungua na inaganda, kama uji usiokorogwa. Kwa hiyo mama hakukosea, damu ililala kweli. Lakini bonge la damu hiyo likisukumwa linang'oka, na njia ya kwenda moyoni inazidi kupanuka, hakuna pa kulizuia. Linapita moyoni, linakwenda kukwama kwenye mapafu, mishipa inakoanza kuwa myembamba tena. Miaka yote nimefundisha mwendo wa vimiminika kwa mpira wa kumwagilia bustani, na wanafunzi wakanielewa vizuri tu.

Bonge jingine bado liko pajani. Nachomwa sindano damu isizidi kuganda, lakini sasa daktari ananiambia tumwombe Mungu, na mwanzoni hakuwa akisema hivyo. Nimekata tamaa, kaka. Mume wangu huniletea mtoto saa ya kutazama wagonjwa. Tumempa jina la mama. Kumbeba siwezi, namtazama tu.

Nikifa, mama aambiwe ni uzazi. Asijue zaidi ya hapo. Lakini wifi naye atajifungua, na mama atachemsha maji. Mwache amkande mgongo na mikono. Mguu mmoja ukivimba, mpeleke wifi hospitali kabla mama hajaugusa. Mama mdanganye lolote. Sijui utawezaje, maana mama akikatazwa kitu huuliza mpaka ajibiwe, na wewe kudanganya hujui tangu utotoni.

Nisalimie wifi na watoto, na shangazi yetu anayeuza ndizi sokoni. Mama mpe shikamoo ya kawaida, usiitie huzuni.

Jana alipiga simu. Anadhani niko Msimbati. Akauliza mguu unaendeleaje, nikamwambia umepungua. Akacheka mpaka nikamsikia akipiga makofi. "Umeona?" akasema. "Mikono yangu bado haijazeeka. Sasa namsubiri wifi yako."

Mdogo wako,
Atupele