Skuta ya Baba imeondoka

Ketaki, nimeiuza skuta ya Baba. Mwenzangu, hebu sikia.

Mnunuzi, Bwana Gaikwad, kapiga kiki mpaka jasho likamtoka. Kimya! "Dada, hii imeshakufa."

Mara Baba huyo, katoka ndani. Baba ambaye tangu Diwali hanijui! Kailaza skuta ubavu kama enzi zile, petroli ishuke, kaiinua, kiki moja tu. Ikanguruma!

Ketaki, nililia. Nikadhani amerudi.

Gaikwad kaondoka nayo. Baba kaifukuza mpaka getini, anapiga kelele: "Mwizi! Mrunal wangu ananisubiri shuleni!"

Nikamshika mkono. "Baba, Mrunal ni mimi."

Akanitazama. "Mama, niachie tafadhali. Mtoto atalia."