Ubeti wa Mwavuli

Cedric wangu wa zamani,

Hapa London mvua haikatiki, paka wako kanenepa, na wimbo wako unajaza ukumbi kila jioni. Nauimba mwenyewe, kama ulivyoagiza kutoka New York.

Ubeti wa tatu ndio unaowamaliza: yule mwanamke anayekimbilia stesheni na mwavuli, eti bwana kausahau, kumbe anatafuta kisingizio cha kumwona tena. Wanaangua kicheko mpaka nanyamaza kungoja watulie. Vina vyako vitamu, sikatai. Lakini ulijua, Cedric! Ulijua kilichonileta stesheni siku ile, na bado ukaupokea mkono wangu dirishani mwa treni kama wa mgeni, mwavuli ukaniachia.

Jana makofi hayakuisha. Mzee Pargeter, mwenye ukumbi, akanijia nyuma ya pazia. "Enid, mwanangu, wanataka ubeti mwingine! Mwandikie huyo fundi wako atuambie, treni ikishaondoka, yule mwanamke anafanya nini?"

Basi nakuuliza, maana mimi sijui. Bado nimesimama palepale. Andika chochote. Nitaimba, na watu watacheka.

Ni mimi, mwenye mwavuli wako,
Enid